Masizi kidogo ndani ya makaa: kinachoamua nguvu ya superkapasita

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MAKAA hayahitaji kutambulishwa kwa mkazi wa Kizwite. Katika kata hii ya Manispaa ya Sumbawanga, kama ilivyo kwingineko katika uwanda wa juu wa Ufipa, makaa hupikia chakula na huotewa moto katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokuwa kali. Zamani, kabla ya majembe ya viwandani kuenea, wahunzi wa Kifipa waliyatumia makaa kupata chuma kutoka katika mawe, wakiyachoma pamoja katika matanuru ya udongo yenye kimo cha takriban mita 3 yaitwayo malungu. Mabaki ya matanuru hayo yangali yakionekana katika baadhi ya maeneo ya Rukwa, hususan Nkasi.

Lisilofahamika na wengi ni kwamba makaa, yakitayarishwa kwa njia nyingine, huhifadhi umeme. Kifaa kinachotumia makaa ya namna hiyo huitwa superkapasita, yaani kapasita yenye uwezo mkubwa kupita zile za ndani ya redio. Hata hivyo, makaa hayo peke yake hayatoshi. Watengenezaji huyachanganya na unga mweusi unaopitisha umeme, mara nyingi masizi maalumu ya viwandani, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mchanganyiko. Masizi hayo karibu hayahifadhi umeme wowote, lakini kifaa kisichokuwa nayo hudhoofika kazini.

Jambo hili linaihusu nchi yetu kuliko inavyodhaniwa. Tanzania ina mkaa, vifuu vya nazi, maganda ya korosho na pumba za mpunga, ambavyo vyote vinaweza kugeuzwa kuwa kaboni ya kuhifadhi umeme. Aidha, ina madini ya kinywe, ambayo ni kaboni inayopitisha umeme vizuri, huko Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Mtu anaweza kukitazama kitabu cha hesabu za namna hii akasema malighafi zote zipo nyumbani, kilichobaki ni mtaji. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imeruka hatua iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya kuuwezesha umeme kupita kwa wepesi kutoka chembe moja ya makaa hadi nyingine.

Superkapasita hutengenezwa kwa karatasi mbili nyembamba za alumini zilizopakwa makaa, zikitenganishwa na karatasi yenye vitundu, kisha zote zikaloweshwa katika kimiminika chenye ayoni, yaani chembe zenye chaji. Inapochajiwa, elektroni hujikusanya upande mmoja wa makaa na kupungua upande wa pili. Ayoni za kimiminika huvutwa zikajipanga juu ya uso wa makaa, kila aina upande wake. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza tabaka hilo la chaji mbili zinazotazamana tangu mwaka 1853. Hataza ya kwanza ya kapasita ya namna hiyo yenye elektrodi za kaboni ilitolewa Marekani mwaka 1957 kwa kampuni ya General Electric.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na betri. Betri huhifadhi nishati kwa badiliko la kikemia, na badiliko hilo huchukua muda na huichosha. Katika superkapasita ayoni husogea tu na kutulia, kisha huondoka. Kwa sababu hiyo hujaa kwa sekunde, na inaweza kuchajiwa na kutumiwa mara laki kadhaa, hata kufikia milioni, wakati betri ya gari ya asidi na risasi huhesabiwa kwa mamia. Aidha, haisumbuliwi sana na baridi, jambo ambalo dereva wa lori la dizeli anayewasha gari alfajiri katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari atalielewa bila maelezo marefu.

Udhaifu wake ni kiasi cha nishati. Tuchukue seli moja kubwa iliyo maarufu sokoni, ya faradi 3,000 na volti 2.7, yenye uzito wa takriban gramu 510. Ikijaa kabisa hubeba wati-saa 3 hivi. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 20. Kwa kuwa seli haitumiwi mpaka iishe kabisa, bali hadi volti zake zifike nusu, robo ya nishati hubaki ndani, hivyo taa hiyo moja itahitaji seli 9, uzito wa kilo 4.6. Betri ndogo ya asidi ya volti 12 yenye uzito wa nusu ya huo ingeifanya kazi hiyo na kubakiza akiba. Yeyote anayemwambia mwananchi wa Rukwa, mkoa ambao kwa miaka mingi umetegemea umeme ulionunuliwa Zambia na majenereta ya dizeli, kwamba superkapasita itachukua nafasi ya betri ya sola nyumbani, hajaipiga hesabu hiyo.

Nguvu yake iko katika kasi. Mwaka 2006 jiji la Shanghai nchini China lilianza kutumia mabasi yanayochajiwa kwa muda mfupi kila yanaposimama kituoni, kisha yakaendelea kwa kilomita chache hadi kituo kingine cha kuchaji. Kazi nyingine ni kuwasha injini, kupokea umeme unaozalishwa treni inapofunga breki, na kuziba pengo la sekunde chache umeme unapokatika. Kasi hiyo ndiyo inayoharibika pale masizi yanapokosekana, na ili kuona sababu yake ni lazima kuyatazama makaa kwa karibu.

Makaa yanayotumika huitwa kaboni amilifu. Ni makaa yaliyopitishwa katika mvuke au hewa ya ukaa kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, au yaliyochomwa pamoja na kemikali kama haidroksidi ya potasiamu, hadi yakatobolewa vitundu vidogo mno. Gramu moja ya kaboni hiyo huwa na uso wa mita za mraba 1,500 hadi 2,000 ukijumlisha kuta za vitundu vyote. Gramu nne, ambazo ni vijiko vichache vya chai, zina uso unaolingana na kiwanja kizima cha mpira wa miguu cha kipimo cha kimataifa. Kwa kuwa chaji hukaa juu ya uso, uso mkubwa ni sawa na ghala kubwa.

Lakini vitundu vilevile vinavyoongeza uso hukata njia za umeme. Ndani ya chembe moja, elektroni hulazimika kuzunguka matundu kama mtu anayevuka bonde lenye mashimo ya machimbo. Oksijeni iliyojishikiza kwenye kingo za vitundu huongeza kikwazo. Na chembe zenyewe, ambazo kwa kawaida zina upana wa maikromita 5 hadi 10, hugusana kwa ncha tu, kama kokoto zilizorundikwa. Tabaka la makaa juu ya karatasi ya alumini lina unene wa karibu maikromita 100. Kwa hiyo elektroni inayotoka kwenye alumini kwenda juu kabisa hupita chembe kumi, pengine ishirini, na katika kila mguso hukutana na ukinzani.

Masizi huingia katika nafasi zilizo kati ya kokoto hizo. Chembe moja ya masizi ya kawaida ya viwandani ina upana wa takriban nanomita 40, yaani ndogo zaidi ya mara mia kuliko chembe ya makaa. Hushikana zenyewe kwa zenyewe zikawa minyororo na vishada, na vishada hivyo hujaza pengo, huunganisha chembe mbili za makaa zisizogusana, na huyafunga makaa na alumini yaliko makutano mabovu kuliko yote. Fundi wa ujenzi ataona ulinganisho na mchanga unaojaza kati ya kokoto, isipokuwa kwamba hapa kinachotafutwa ni njia isiyokatika kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Uimara wa mchanganyiko ni kazi ya gundi, ambayo nayo huongezwa kwa asilimia 5 hadi 10 na haipitishi umeme kabisa.

Njia hiyo haijengeki polepole kwa kipimo sawa na masizi yanayoongezwa. Yakiwa machache mno, vishada hubaki visiwa, na ukinzani hubaki juu karibu kana kwamba hakuna kilichofanyika. Yakifika kiasi fulani, visiwa huungana kwa ghafla, mtandao hukamilika, na ukinzani huporomoka. Wataalamu hukiita kiwango hicho kizingiti. Baada ya kizingiti, kila gramu ya ziada huleta nafuu ndogo zaidi kuliko iliyotangulia, na baadaye haileti nafuu yoyote.

Gharama, kwa upande mwingine, huendelea kupanda. Uso wa masizi ya kawaida ni takriban mita za mraba 60 kwa gramu, sehemu ndogo sana ya ule wa kaboni amilifu. Tuseme kaboni amilifu inatoa faradi 100 kwa gramu. Mchanganyiko wenye makaa asilimia 85, masizi 10 na gundi 5 utatoa karibu faradi 85 kwa gramu. Ukipandisha masizi hadi 20, makaa yatashuka hadi 75 na faradi zitafuata, hasara ya karibu asilimia 12. Tena masizi ni mepesi na yenye kuvimba, hudai gundi zaidi, hufyonza kimiminika kingi, na tabaka lililojaa masizi huelekea kupasuka linapokauka. Kwa kipimo cha ujazo, ambacho ndicho mtengenezaji wa gari hukijali, hasara huwa kubwa kuliko inavyoonekana kwenye mizani.

Hasara ya kutoweka masizi ya kutosha nayo hupimika. Nguvu ya juu kabisa ambayo seli inaweza kuitoa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawa kwa mara nne ya ukinzani wa ndani. Seli yetu ya faradi 3,000 ina ukinzani wa takriban miliomu 0.29, hivyo kikomo chake ni zaidi ya wati 6,000. Ukinzani ukiongezeka maradufu, kikomo hicho hukatika nusu, ingawa faradi hazijabadilika hata moja. Mkondo wa ampia 100 ukipita, seli nzuri hupoteza karibu wati 3 kwa joto, na mbovu karibu wati 6. Mamia ya seli yakiwa yamefungwa pamoja chini ya sakafu ya basi, joto hilo si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa ndilo linalofupisha maisha ya kifaa.

Ni vyema hapa kusema wazi jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu. Hakuna kiasi kimoja cha masizi kilicho sahihi kwa kila kifaa. Superkapasita inayolinda kumbukumbu ya saa ya kielektroniki hutoa mkondo mdogo mno kwa saa nyingi, na kwake ukinzani una uzito mdogo, hivyo ni afadhali makaa yaongezwe na masizi yapunguzwe. Ile ya kuwasha injini hutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache, na kwake mtandao wa masizi ni uhai. Anayeuliza asilimia ngapi bila kutaja kazi na unene wa tabaka hawezi kupewa jibu la kweli.

Masizi si kiongezi pekee. Kinywe hupitisha umeme vizuri sana kwa upande wa bapa zake, lakini bapa ni pana na hulala, hivyo peke yake huacha mapengo mengi. Hufaa zaidi kikichanganywa na masizi, bapa zikiwa barabara kuu na masizi vichochoro. Neli za kaboni za nanomita, zilizopata umaarufu baada ya ripoti ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, ni nyuzi ndefu zinazoruka kutoka chembe hadi chembe. Kwa urefu wake huweza kukamilisha mtandao kwa asilimia 1 au pungufu, lakini ni ghali na hujisokota kama nywele zisizochanwa, na zisipotawanywa vizuri faida yote hupotea. Grafini, iliyotengwa Manchester nchini Uingereza mwaka 2004, ina kasoro ya namna yake. Ni karatasi, na karatasi zikilala juu ya vitundu huwafungulia elektroni njia huku zikiwafungia ayoni. Kifaa huhitaji safari zote mbili, na kiongezi kinachosahau mojawapo hakijasaidia.

Zipo pia njia za kupunguza hitaji la masizi. Kuyakandamiza makaa kwa rola husogeza chembe karibu. Kupaka alumini tabaka jembamba la kaboni kabla ya makaa hupunguza ukinzani wa makutano. Kuchanganya kwa muda wa kutosha hufanya gramu chache zifike kila mahali, maana masizi yaliyobaki mabonge ni uzito tu.

Turudi nchini. Utafiti wa kuipata kaboni ya superkapasita kutokana na mabaki umefanyika Tanzania. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha, Talam Kibona Enock, Cecil King'ondu, Alexander Pogrebnoi na Yusufu Jande, walichapisha kazi juu ya kaboni iliyotengenezwa kwa tope linalobaki baada ya kuzalisha gesi ya samadi. Mwaka huohuo walichapisha mapitio ya jumla ya kaboni za mimea na mabaki kwa matumizi hayo. Uwezo wa kuifanya kazi hii upo, na malighafi yake ipo hata zizini.

Tahadhari inahitajika katika kusoma takwimu za maabara, za hapa na za kwingineko. Faradi 200 kwa gramu, tarakimu inayotajwa mara kwa mara, kwa kawaida ni ya elektrodi moja. Seli ina elektrodi mbili zilizopangwa mfululizo, hivyo uwezo hugawanyika kwa mbili na uzito huongezeka mara mbili, na faradi 200 huwa 50. Ongeza alumini, kimiminika na kopo la nje, tarakimu itashuka zaidi. Seli ya sokoni ya faradi 3,000 na gramu 510 ni sawa na faradi zisizofika 6 kwa gramu. Yury Gogotsi na Patrice Simon waliandika onyo kuhusu jambo hili katika jarida la Science mwaka 2011, wakieleza kwamba tabaka jembamba mno hutoa matokeo yasiyoweza kupanuliwa kuwa kifaa halisi. Katika tabaka jembamba elektroni hazisafiri mbali, hivyo upungufu wa masizi haujitokezi. Hujitokeza kiwandani.

Mkaa wa jikoni una kikwazo cha mapema zaidi. Tanuru la udongo la mchoma mkaa kwa kawaida huivisha kuni kwa nyuzi 400 hadi 500. Katika joto hilo kaboni haijajipanga vya kutosha, na mkaa unaotoka ni karibu kihami cha umeme. Upitishaji huanza kupanda kwa kasi joto linapovuka nyuzi 600 au 700, na huwa mzuri karibu na 900. Masizi hayawezi kuuponya mkaa usioiva, kwa kuwa yanaunganisha chembe kwa nje tu, na ndani ya chembe elektroni itakwama palepale.

Kikwazo cha pili ni majivu na udongo. Mkaa hubeba potasiamu, kalisi na silika kutoka katika mti, na hubeba udongo kutoka katika tanuru. Udongo mwekundu una chuma, na chuma ni sumu kwa superkapasita. Ayoni zake huhama kutoka elektrodi moja hadi nyingine zikibeba chaji na kuirudisha, na kifaa kilichojazwa hujimaliza chenyewe kikiwa kimekaa tu. Madini yaliyowapa wahunzi wa Ufipa kazi na heshima hapa hayatakiwi hata kwa chembe, na huondolewa kwa kuosha makaa kwa asidi, kisha kwa maji safi mara nyingi. Hali ni hiyo hiyo kwa kiongezi. Kinywe cha mgodini huwa na mabaki ya miamba mpaka kisafishwe, na masizi ya chungu au ya kibatari yana lami na majivu, wala hayafanani na yale ya kiwandani yanayotengenezwa kwa kuchoma mafuta au gesi katika hewa pungufu iliyodhibitiwa.

Kwa mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi walione jambo hili kwa macho, vifaa ni vichache: kipimio cha umeme cha fundi, bomba la sindano lisilo na sindano, na misumari miwili ya kuziba ncha. Mkaa wa jikoni uliosagwa na kukaushwa, ukijazwa humo na kukandamizwa, mara nyingi utaonyesha ukinzani mkubwa mno, pengine kipimio kisisome kabisa. Ukichanganywa kidogo kidogo na unga wa risasi ya penseli, ambayo ni kinywe kilichofinyangwa kwa udongo, tarakimu itakaa juu kwa vipimo kadhaa vya mwanzo kabla ya kuanza kuanguka. Mkandamizo uwe uleule kila mara, na unga uwe mkavu, kwa kuwa unyevunyevu hupitisha umeme wake wenyewe na kuyapotosha majibu.